Bima ya Afya na Mtu Asiye na Mshahara

Tunapozungumza juu ya bima ya afya ni lazima tuanze na swali la msingi: nani anamchangia nani? Bima ni mfuko wa pamoja. Aliye mzima leo anatoa fedha zake ili mgonjwa wa leo atibiwe, naye akiugua kesho atibiwe kwa fedha za wenzake. Wakulima wetu wanaelewa jambo hili vizuri, maana wamekuwa wakisaidiana katika misiba na kulimiana kwa zamu tangu kabla ya mkoloni. Kilicho kigeni kwao ni kuufanya mfuko huo kuwa bidhaa ya dukani, anayetaka anunue na asiyetaka apite.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 Serikali ilijitwika jukumu la kuwatibu wananchi bila malipo, na mwaka 1977 matibabu ya kutafuta faida yakapigwa marufuku. Uchumi ulipoyumba, zahanati nyingi zilibaki na kuta bila dawa. Mwaka 1991 matibabu ya faida yakaruhusiwa tena, na mwaka 1993 uchangiaji ukaanza katika hospitali za Serikali. Tangu hapo mzigo ukamwangukia mgonjwa mwenyewe, papo kwa papo, siku ileile ambayo hawezi kushika jembe wala kufungua genge.

Ndipo bima ikaja, lakini ilikuja kwa njia mbili. Mtumishi wa Serikali aliwekewa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya kwa sheria ya mwaka 1999. Mchango wake ni asilimia 6 ya mshahara, nusu akikatwa yeye na nusu akitoa mwajiri, na hukatwa kabla fedha hazijafika mfukoni. Mkulima alipewa Mfuko wa Afya ya Jamii, ulioanzia Igunga mwaka 1996 na kutungiwa sheria mwaka 2001. Huu ulikuwa wa hiari. Miaka ishirini baadaye, wenye bima ya aina yoyote walikuwa takriban asilimia 15 tu ya wananchi wote.

Wako wanaosema kwamba wananchi hawajaelimishwa. Maelezo haya hatuyakubali. Elimu ina nafasi yake, lakini anayelima pamba huona fedha msimu wa mauzo. Mwezi wa Februari hata shilingi 30,000, uliokuwa mchango wa kaya ya watu sita katika mfuko ulioboreshwa, ni fedha nyingi. Tena akiisha kulipa, akafika dirisha la dawa akaambiwa akanunue mjini, atawaelimisha majirani zake kuliko mhamasishaji yeyote.

Hiari ina kasoro nyingine, na hii ndiyo ya kuchambuliwa zaidi. Mwaka 2023 Mfuko wa Taifa ulisitisha kuandikisha mtoto mmoja mmoja katika mpango wa Toto Afya, uliokuwa wa shilingi 50,400 kwa mwaka. Sababu iliyotolewa ni kwamba wazazi wengi waliwaandikisha watoto waliokwisha kuugua, gharama ikazidi michango. Wazazi hao walilaumiwa, nasi tunaona walionewa. Mwenye fedha kidogo hamkatii bima mtoto anayecheza uwanjani huku anayekohoa yuko kitandani. Mfuko unaowangoja watu waamue wenyewe utakusanya wagonjwa, kisha utapandisha mchango, na waliobaki wazima watazidi kukaa mbali.

Kwa hiyo Bunge lilipopitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, ikimtaka kila mkazi wa Tanzania Bara awe na bima, lilitatua nusu ya tatizo. Nusu iliyobaki ni ngumu zaidi. Mwenye mshahara analazimishwa kwa urahisi kwa kuwa jina lake limo katika orodha ya malipo. Mvuvi, mama lishe na dereva wa bodaboda hawamo katika orodha yoyote, na kumlazimisha asiye na kitu hakuongezi senti katika mfuko. Sheria imeliona hilo: imeweka fungu la kuwalipia wasio na uwezo, litokane na vyanzo kama ushuru wa vinywaji na vipodozi na kodi ya michezo ya kubahatisha. Jirani zetu wa Rwanda walitangulia. Tangu mwaka 2011 walipanga michango kwa ngazi za uwezo, maskini kabisa wakalipiwa, wakavuka asilimia 80 ya wananchi.

Hofu yetu ni juu ya yule aliye hatua moja tu juu ya mstari wa umaskini. Mkutano wa kijiji hautamwandika kuwa fukara, maana ana paa la bati na mbuzi wawili. Akitakiwa kutoa sawa na mwenye duka la jumla, atakuwa amebeba mzigo mzito kuliko mwenzake kwa tarakimu ileile. Huyu ndiye aliye wengi, na kwake mchango ungekusanywa wakati wa mauzo, kupitia chama cha msingi cha ushirika. Lakini wakulima wanayakumbuka makato mengi ambayo hawakuyaona yalikokwenda. Makato haya yasomwe mkutanoni kila msimu, pamoja na hesabu ya dawa zilizoingia zahanati.