Mtu Mmoja, Nafsi Nyingi Usingizini

Askari aliyerudi kutoka vitani hulala kitandani kwake, lakini ndotoni huenda bado yumo handakini. Mara ndiye afyatuaye risasi, mara ndiye akimbizwaye. Na mara nyingine husimama kando akijitazama kama mgeni. Hilo si wazimu.

Mwaka 1953, huko Chicago, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman walieleza kipindi cha usingizi ambamo macho huchezacheza upesi chini ya kope. Hurudi kila baada ya dakika 90 hivi, na ndoto nyingi zilizo dhahiri huotwa humo. Kwa kawaida misuli hulegea, tusije tukatenda tunayoyaota (nami nashukuru, maana huota naruka). Hata hivyo, baadhi ya waliopigana hurusha ngumi wangali usingizini.

Basi, mama, usimtikise mumeo. Simama mbali kidogo, washa taa, umwite kwa jina lake. Mchana, akiwa tayari, na aisimulie ndoto ile upya, aipe mwisho autakao, aurudie moyoni kila siku. Madaktari hutumia njia hiyo, na baadhi ya wagonjwa imewapunguzia jinamizi. Likizidi, aende hospitali mapema, wala asiwaonee haya wenzake kikosini.