Kanzidata: Somo la Chuo Kikuu Linalozihusu Rejesta Zetu

Mratibu wa mradi kati ya Bunju na Bagamoyo akiulizwa anahudumia watoto wangapi, hufungua daftari, kisha faili la kijiji, kisha orodha iliyo kwenye kompyuta. Mara nyingi hupata majibu matatu. Nyuma ya tofauti hizo huenda yupo mtoto aliyepewa sare mara mbili, na mwingine ambaye hakupata kabisa. Kwa sababu hiyo, baadhi yetu tulisoma somo la utangulizi wa kanzidata la ngazi ya chuo kikuu. Hapa tunaeleza linafundisha nini na linatufaa vipi.

KANZIDATA NI NINI?

Kanzidata ni mkusanyiko wa taarifa zilizopangwa ili ziweze kutunzwa, kusahihishwa na kutafutwa kwa urahisi. Mpango unaofundishwa zaidi vyuoni ulielezwa mwaka 1970 na Edgar F. Codd, Mwingereza aliyefanya kazi katika kampuni ya IBM huko Marekani. Alipendekeza taarifa ziwekwe katika majedwali: kila mstari ueleze kitu kimoja, na kila safu ieleze sifa moja ya kitu hicho. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwanzo wa somo hufanywa kwa kalamu na karatasi.

KILA MTU NAMBA YAKE

Kanuni ya kwanza ni kwamba kila mstari uwe na ufunguo, yaani namba isiyofanana na nyingine yoyote. Huku pwani jambo hili ni zito. Kijiji kimoja kinaweza kuwa na akina Saidi Juma watatu. Mtoto yuleyule mwalimu humwandika Hamisi, zahanati ikamwandika Khamis. Mvuvi akienda dago na familia yake, mtoto huweza kuandikishwa Mlingotini msimu huu na Kunduchi msimu ujao. Jina na kijiji havitoshi kumtambulisha.

JAMBO MOJA, MAHALI PAMOJA

Tuchukue mfano wa bibi wa Kiromo anayelea wajukuu watano. Ikiwa namba yake ya simu imeandikwa kwenye kila msaada waliopewa wajukuu hao, siku akibadilisha simu itabidi kusahihisha mistari mingi, na mmoja utasahaulika. Somo linafundisha kutenganisha: jedwali la walezi, la watoto, na la misaada. Mstari wa msaada hubeba namba ya mtoto tu, na mstari wa mtoto hubeba namba ya mlezi. Simu ya bibi inasahihishwa mara moja.

KUMTAFUTA ASIYEKUWEMO

Hapa ndipo penye faida kubwa. Daftari la misaada haliwezi kumwonyesha mtoto ambaye hakusaidiwa, kwa sababu hayumo. Anaonekana pale tu jedwali la watoto linapolinganishwa na lile la misaada. Lugha ya SQL, iliyobuniwa IBM katika miaka ya 1970, huuliza swali kama hili kwa mistari michache: ni watoto gani wa Zinga ambao hawajapata chochote muhula huu?

Serikali nayo inatumia kanzidata katika huduma za afya. Takwimu za vitabu vya MTUHA vinavyojazwa zahanati huingizwa katika DHIS2, mfumo unaoendelezwa chini ya Chuo Kikuu cha Oslo, Norwe. Lakini kompyuta haiwezi kurekebisha kitabu kilichojazwa ovyo.

SIRI ZA WATU

Orodha zetu zina mambo ya yatima na wagonjwa. Somo linafundisha kumpa kila mtumiaji ruhusa ya kuona kile tu kinachohusu kazi yake. Sasa hilo si hiari: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023.

TUANZIE WAPI?

Anayetaka kusoma akiwa kazini anaweza kuulizia Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na chenye vituo mikoani. Programu kama LibreOffice Base na PostgreSQL hazilipiwi. Hata kabla ya kompyuta, tunashauri kila kituo kifanye haya katika kaunta buku:

1. Kumpa kila mlengwa namba moja, isiyotumiwa tena na mwingine hata akiondoka.
2. Kutenga kurasa za walezi, za watoto na za misaada.
3. Kila mwisho wa muhula, kusoma orodha ya watoto mmoja mmoja na kuweka alama kwa kila aliyehudumiwa.

Watakaobaki bila alama ndio wa kutembelewa kwanza.