Kifo cha Diani na Ushahidi wa Maabara

Wahenga walinena kwamba njia ya mwongo ni fupi. Katika kesi moja iliyoanzia Diani, pwani ya Kwale, njia hiyo ilichukua miaka tisa na nusu kufika mwisho wake, na aliyesaidia sana kuimulika ni marehemu mwenyewe, kwa ushahidi wa mwili wake.

Mwezi wa Mei 2012, Alexander Monson, kijana Mwingereza wa miaka 28, mwana wa ukoo wa makabaila, alikamatwa na polisi usiku huko Diani kwa tuhuma ya kuvuta bangi. Alitiwa mahabusu. Saa chache baadaye alikuwa mahututi. Akapelekwa hospitali, na huko akafa. Polisi walieleza kwamba aliuawa na dawa za kulevya alizotumia kupita kiasi.

Neno la namna hiyo laweza kupimwa. Dawa iingiapo mwilini huchukuliwa na damu, ini huivunjavunja, na mabaki yake hutoka kwa mkojo. Kwa hiyo mpimaji huchukua damu na mkojo wa maiti, na pengine kipande cha ini, akavichungua katika maabara. Ripoti ya vipimo katika kesi hii ilionyesha kwamba kijana huyo hakuwa na dawa za kulevya mwilini alipokufa.

Madaktari waliopasua maiti nao waliona sababu nyingine: pigo kubwa la kichwa. Fuvu ni kama sanduku gumu lisilo na nafasi. Damu ikivuja ndani yake, ubongo hubanwa, na mtu aweza kufa hata kama ngozi ya nje haikupasuka. Ndiyo sababu daktari hatosheki na kutazama mwili kwa nje tu.

Mwaka 2018 hakimu wa Mombasa, baada ya kuchunguza kifo hicho mahakamani, aliamua kwamba polisi walihusika. Askari wanne walishtakiwa, na mwezi wa Novemba 2021 Mahakama Kuu ya Mombasa iliwatia hatiani kwa kosa la kuua bila kukusudia. Hivyo waliopewa kazi ya kulinda sheria wakahukumiwa na sheria hiyo hiyo.

DAMU NA VINASABA

Elimu hii ina matawi mengine. Mwaka 1984 mtaalamu Alec Jeffreys, wa Chuo Kikuu cha Leicester huko Uingereza, aligundua njia ya kumtambua mtu kwa vinasaba vyake, ambavyo nusu hutoka kwa mama na nusu kwa baba. Hakuna watu wawili wanaofanana kabisa katika jambo hilo, isipokuwa pacha wa yai moja. Tone la damu, mate au unywele wenye shina lake laweza kumfunga mwenye hatia. Na lenye thamani kubwa zaidi, laweza kumfungua asiye na hatia. Katika Kenya, Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006 yairuhusu mahakama kuamuru mshtakiwa atolewe vielelezo kwa ajili ya kupimwa.

YAPASAYO KUFANYWA

Lakini maabara haiwezi kupima kilichokwisha kuharibiwa. Joto na unyevu wa pwani huharibu damu upesi. Nguo yenye damu isifuliwe wala isifungwe katika mfuko wa plastiki, maana humo huvunda. Ikaushwe kivulini, itiwe katika mfuko wa karatasi, na kila aipokeaye atie sahihi yake. Aliyebakwa, awe wa Msambweni, Kinango au Lungalunga, aende hospitali mara moja kabla ya kuoga wala kubadili nguo, tena zisipite saa 72, kwani baada ya hapo dawa ya kumkinga na virusi vya Ukimwi haitamfaa. Mahali palipotokea mauaji pasikanyagwe na watazamaji.

Mara nyingi jamaa wa marehemu huona kupasuliwa kwa maiti kuwa ni kumvunjia heshima, na huharakisha maziko. Huzuni yao yafahamika. Hata hivyo, kifo chenye shaka kikizikwa bila kuchunguzwa, huzikwa pamoja na haki ya marehemu. Kijana wa Diani asingalipasuliwa na kupimwa, neno la mwisho juu ya kifo chake lingalibaki kuwa lile la kwanza.