Wafilisti walitoka wapi? Jibu lilikuwa chini ya sakafu

Wengi wetu tuliwajua Wafilisti kupitia Goliathi. Jitu lenye mkuki, kijana mwenye kombeo, jiwe moja, hadithi imekwisha. Shida ni kwamba sehemu kubwa ya habari zao iliandikwa na watu waliopigana nao. Wao wenyewe wameacha maandishi machache mno. Sasa utamjuaje mtu ikiwa anayekusimulia habari zake ni adui yake? Hapo ndipo akiolojia inapoingia.

Tuanze Misri. Kwenye kuta za hekalu la Medinet Habu, Farao Ramses III alichongesha picha za vita alivyopigana na makundi ya wageni mnamo mwaka 1175 KK hivi. Kundi mojawapo linaitwa Peleset, na wataalamu wengi wanakubali kwamba hao ndio Wafilisti. Ukizitazama picha hizo vizuri utaona jambo: katika vita vya nchi kavu kuna mikokoteni ya ng'ombe iliyobeba wanawake na watoto. Wanaokwenda kupora tu hawabebi watoto. Hawa wanaonekana kama watu wanaohama.

Walihama kutoka wapi? Biblia inataja Kaftori, ambayo wengi huihusisha na kisiwa cha Krete. Lakini maandishi peke yake hayatoshi, kwa hiyo wachimbaji wakaenda kwenye miji ya Wafilisti yenyewe, kama Ashkeloni na Ekroni. Kwenye tabaka za karne ya 12 KK wakakuta vyombo vya udongo vyenye umbo na mapambo ya Ugiriki ya kale. Basi, si vililetwa na wafanyabiashara? Hapana. Udongo ulipopimwa, vingi vilikuwa vimefinyangwa palepale. Yaani udongo wa hapo, mtindo wa ng'ambo. Mambo ya jikoni nayo yalibadilika: vyungu vya kupikia vya aina nyingine, meko ya ndani ya nyumba, na mifupa ya nguruwe mingi kuliko katika vijiji vya milimani.

Hata hivyo, vyungu si watu. Mtu anaweza kuiga mtindo wa mgeni bila mgeni mwenyewe kuhamia. Mabishano haya yalidumu miaka mingi, mpaka DNA ilipoletwa mezani.

Mwaka 2019, jarida la Science Advances lilichapisha utafiti wa mabaki ya watu wa Ashkeloni. Sampuli zilikuwa 108, ila ni watu 10 tu waliotoa DNA ya kutosha. Usishangae: joto huivunjavunja DNA, na pwani ile ni ya joto. Watu hao 10 walitoka vipindi vitatu: kabla ya Wafilisti, mwanzoni mwa Wafilisti, na baadaye. Wa kipindi cha mwanzo walikuwa watoto wachanga, waliozikwa chini ya sakafu za nyumba. Na ndani ya DNA yao kulikuwa na sehemu ya asili ya kusini mwa Ulaya, ambayo waliotangulia hawakuwa nayo kwa kiwango hicho.

Hapa tuelewane. Mtoto mchanga hakuvuka bahari akiwa peke yake, na huenda hata hakuvuka kabisa, bali alizaliwa palepale. Waliohama ni wazazi wake au mababu zake. Kwa hiyo watu walikuja kweli. Haikuwa mitindo tu.

Kumbe hadithi haiishii hapo. Walipopimwa waliozikwa katika makaburi ya karne ya 10 na 9 KK, ile asili ya Ulaya ilikuwa karibu imepotea. Ndani ya karne mbili hivi wageni walikuwa wameoana na wenyeji mpaka damu zikachanganyika.

Je, waliacha kuwa Wafilisti? Hapana! Mwaka 1996 huko Ekroni lilipatikana jiwe la hekalu, la karne ya 7 KK, lenye jina la mfalme Akishi mwana wa Padi. Maandishi yake ni ya lugha na herufi za eneo lile, lakini mungu wa kike anayetajwa ana jina lisilofanana na ya miungu ya majirani. Miaka 500 baada ya kuhamia, majirani waliendelea kuwaita Wafilisti, na wao bado walikuwa na miji yao na wafalme wao.

Kilichowamaliza ni vita. Mwaka 604 KK Nebukadreza wa Babeli aliiharibu Ashkeloni, watu wakapelekwa uhamishoni, na baada ya hapo hatuwaoni tena kama taifa. Jina lao ndilo lililobaki: Wagiriki waliliita eneo hilo Palaistine, na kutoka hapo tukapata Palestina.

Mimi ninachobaki nacho ni hiki: DNA inaweza kukuambia babu zako walipita njia gani. Haiwezi kukuambia wewe ni nani. Swali hilo watu wa Ashkeloni walilijibu wenyewe, kizazi baada ya kizazi, hata pale damu ya mababu waliovuka bahari ilipokuwa karibu haionekani tena.