Weka sikio la mtaa wenu kwenye intaneti

Ukitaka kujua jinsi mahali anapokaa msikilizaji wa redio palivyo na maana, zungusha kisahani chako hadi 99.9 FM. Ukiwa Korogocho utaipata Koch FM, stesheni ya mtaa iliyoanza kurusha matangazo mwaka 2006. Ukiwa Kibera, nambari iyo hiyo itakupa Pamoja FM, iliyoanzishwa mwaka 2007. Huo si muujiza wala redio yako haina kasoro. Stesheni za jamii hutumia mitambo yenye nguvu kidogo, na kwa hivyo masafa mamoja huweza kugawiwa mitaa iliyo mbalimbali bila ya mmoja kumfunika mwenziwe.

Tofauti hiyo ndiyo inayokipa thamani kifaa ambacho mwanafunzi wa Buruburu, Umoja au Kayole anaweza kukiunda nyumbani, yaani kipokezi cha redio kinachosikilizwa kupitia intaneti. Kipokezi hiki si stesheni. Hakirushi chochote hewani. Kazi yake ni kusikia tu, kisha kumruhusu mtu aliye mbali, awe Rongai au Doha, afungue ukurasa kwenye simu yake, azungushe kisahani kilichochorwa pale, na asikie kile ambacho antena iliyo juu ya paa lenu inakisikia wakati huo huo.

Huenda mzazi akauliza: stesheni nyingi siku hizi zina matangazo yao kwenye intaneti, ya nini tena kuhangaika na waya juu ya mabati? Jibu ni kwamba sauti ile ya intaneti hutoka moja kwa moja studioni. Haikuambii kama mtambo wa kurusha unafanya kazi, kama mawimbi yanafika Dandora, au kama kuna stesheni nyingine inayoyafunika. Wakenya wanaikumbuka tarehe 30 Januari 2018, wakati serikali ilipozima televisheni kadhaa siku ya kuapishwa kwa Raila Odinga katika bustani ya Uhuru. Katika saa kama hizo swali la kwanza nyumbani huwa ni hili: seti yetu imeharibika, ama ni kila mahali? Upande wa redio, vipokezi viwili au vitatu katika mitaa tofauti, vinavyoweza kusikilizwa na yeyote, hujibu swali hilo bila ya kubahatisha.

REDIO ILIYOGEUKA HESABU

Redio ya zamani ilikuwa koili, kapasita na waya, na ikikorofisha ilipelekwa kwa fundi. Katika redio ya programu, antena hukamata mawimbi, kifaa kidogo huyageuza kuwa nambari, na kompyuta hufanya kazi iliyobaki kwa hesabu: kuchagua stesheni, kupunguza kelele na kutoa sauti. Maadamu kazi ni hesabu, kompyuta moja inaweza kuwahudumia watu kadhaa kwa wakati mmoja, kila mmoja akisikiliza stesheni yake.

Mwaka 2008 Pieter-Tjerk de Boer wa Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, aliufungulia umma kipokezi cha namna hii. Baadaye András Retzler, aliyekuwa mwanafunzi mjini Budapest, alitunga programu iitwayo OpenWebRX, ambayo mtu yeyote huweza kuichukua bure na kuitumia. Yeye alipoiacha, wengine wakaiendeleza, akiwemo Jakob Ketterl wa Ujerumani.

Kilichowafungulia mlango watu wa kipato cha kawaida ni ugunduzi wa mwaka 2012. Wataalamu waligundua kuwa kijiti cha USB cha kutazamia televisheni, chenye chipu ya RTL2832U, kinaweza kutoa mawimbi ghafi na kuyakabidhi kompyuta. Jambo la kuchekesha ni kuwa kijiti hicho hakifai kwa televisheni hapa Kenya. Kilitengenezewa mfumo wa kwanza wa televisheni ya dijitali, ilhali Kenya ilihamia mfumo wa pili, na mitambo ya zamani ya analogi ikazimwa Nairobi mwaka 2015. Kwa hiyo kifaa kisichokuwa na kazi sebuleni hugeuka lulu mikononi mwa mwanafunzi wa redio.

VIFAA NA STIMA

Mahitaji ni machache. Kwanza ni kijiti chenyewe. Pili ni kompyuta: ndogo kama Raspberry Pi, au leputopu ya zamani ambayo kioo chake kimepasuka lakini moyo wake bado mzima. Tatu ni antena na kebo yake. Nne ni intaneti isiyopimwa kwa bando.

Kabla ya kununua chochote, piga hesabu ya stima, kwa sababu kipokezi hiki hakilali. Kompyuta ndogo inayotumia wati 10, ikiwaka usiku na mchana kwa siku 30, itakula yuniti 7.2. Kompyuta kubwa ya mezani inayotumia wati 100 itakula yuniti 72 kwa muda huo huo. Hizo ni tokeni za mzazi, na ni vyema mkubaliane mapema, kuliko ugomvi uzuke katikati ya mwezi.

Antena ya FM haihitaji fedha nyingi. Mawimbi ya 99.9 yana urefu wa karibu mita 3. Robo yake ni sentimita 75, na kwa waya au fito za alumini hupunguzwa kidogo hadi sentimita 71. Kata vipande viwili vya urefu huo na uvipange kwenye mstari mmoja, ncha zao za katikati zikikaribiana pasipo kugusana. Waya wa ndani wa kebo ufungwe kwenye kipande kimoja, na wavu wa nje kwenye kingine. Mafundi wa jua kali wa Kariobangi wanaweza kukutengenezea kishikilio kwa muda mfupi. Ipandishe juu kadiri uwezavyo, mbali na nyaya za stima, na usipande juu ya paa kukiwa na mvua au radi. Kama mnaishi kwenye fleti, mwombe ruhusa mwenye ploti kabla hujatoboa ukuta wake.

Hapa ndipo panapofaa ile methali isemayo kuwa sikio halipiti kichwa. Programu iwe nzuri namna gani, haiwezi kusikia ambacho antena haikukamata.

KUWEKA PROGRAMU

OpenWebRX hupatikana ikiwa tayari kwa Raspberry Pi. Unaiandika kwenye kadi ya kumbukumbu, unaiingiza kadi, unawasha. Kwa leputopu yenye Debian au Ubuntu kuna vifurushi vya kuweka. Ikiwa kompyuta haikioni kijiti, chunguza kama programu ya televisheni iliyomo ndani imekinyakua kwanza. Hiyo lazima izuiwe. Kisha fungua akaunti ya msimamizi yenye neno la siri gumu, na kwenye simu iliyo kwenye ruta hiyo hiyo uandike anwani ya kompyuta ikifuatwa na mlango nambari 8073. Utaona picha ya rangi ikiteremka kama maporomoko ya maji. Kila mstari mnene ni stesheni.

Sasa elewa dirisha. Masafa ya FM huanzia 87.5 hadi 108, yaani megahezi 20.5, lakini kijiti hiki huona karibu megahezi 2.4 tu kwa wakati mmoja. Ukiweka kitovu cha dirisha kwenye 99.4, utaona kutoka 98.2 hadi 100.6. Humo watakuwemo Capital FM kwenye 98.4, stesheni ya jamii kwenye 99.9, na Kiss kwenye 100.3. Wageni wako wote hutumia dirisha hilo moja. Kila mmoja anaweza kuchagua stesheni yake ndani yake, lakini dirisha likihamishwa, wote huhama. Kwa hivyo anza na dirisha moja na uliache hapo.

Kosa la kawaida ni kuongeza nguvu ya kukuza mawimbi hadi mwisho, ukidhani utasikia vizuri zaidi. Stesheni kubwa za jiji zitakilevya kijiti, na utaona vivuli vya stesheni mahali ambapo hazipo, pengine juu kabisa ya ile ndogo unayoitafuta. Punguza kidogo kidogo hadi vivuli vitoweke.

Ukitaka masafa ya chini, kama mawimbi mafupi, utahitaji kijiti kilichotengenezewa kazi hiyo na antena tofauti, na hapo utakutana na adui wa mitaa yetu, yaani kelele za umeme. Taa za bei rahisi, chaja za simu na mashine za kuchomelea huyachafua masafa hayo. Njia ya kumtambua mkosaji ni kuchomoa kifaa kimoja baada ya kingine huku mwenzako akiitazama picha. Cha nyumbani utakizima. Cha jirani kinataka maneno matamu.

WAGENI WATAINGIAJE?

Kijiti hutoa sampuli milioni 2.4 kila sekunde, kila moja ikiwa na baiti mbili. Hizo ni megabiti 38.4 kwa sekunde, mzigo ambao intaneti nyingi za nyumbani haziwezi kuupeleka nje. Ndiyo maana kompyuta huuchambua mzigo huo hapo nyumbani na kumpelekea kila msikilizaji kipande alichokiomba tu. Sauti ya FM yenye sampuli 48,000 kwa sekunde, zikibanwa kuwa biti nne kila moja, ni kilobiti 192. Wasikilizaji watano watachukua karibu megabiti moja ya kupandisha, bila ya kuhesabu ile picha. Weka kikomo cha idadi ya wageni, ama dada yako atashindwa kuhudhuria masomo yake ya mtandaoni.

Kikwazo kingine ni anwani. Mara nyingi kampuni za intaneti huwapa wateja wengi anwani moja ya pamoja. Ni kama ploti yenye geti moja na bawabu anayewaruhusu wapangaji kutoka, lakini mgeni akija hajui ampeleke mlango upi. Uliza kampuni yako kama inaweza kukupa anwani ya peke yako na kwa bei gani. La sivyo, kodisha nafasi ndogo kwenye kompyuta iliyo na anwani ya wazi na uiunganishe na ya nyumbani.

MIPAKA YA SIKIO

Jambo la mwisho ndilo zito zaidi. Kijiti hiki kinaweza kusikia mengi kupita FM. Eastlands inapakana na uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, na marubani huongea kwenye masafa ya kati ya 118 na 137. Kuna polisi, kuna jeshi, kuna kampuni za ulinzi. Mawasiliano hayo hayakukusudiwa umma, na kuyaweka kwenye intaneti kunaweza kukuingiza mashakani. Kenya ina Sheria ya Habari na Mawasiliano ya mwaka 1998, na ile ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya mwaka 2018. Kabla ya kufungulia ulimwengu mlango, uliza Mamlaka ya Mawasiliano, yenye makao yake barabara ya Waiyaki, ni kibali gani unachohitaji. Chama cha wapenzi wa redio nchini, Amateur Radio Society of Kenya, nacho kina watu wanaoijua njia hiyo.

Programu inakupa uwezo wa kuchagua madirisha ambayo wageni wataona. Wawekee ya matangazo ya umma peke yake. Usirekodi vipindi vya watu na kuvisambaza kana kwamba ni vyako. Na unapojaza mahali kipokezi kilipo, andika jina la mtaa, usiandike ploti wala nambari ya nyumba.

Ukishamaliza, nunua daftari la shule. Kila siku saa moja jioni andika stesheni zilizosikika, zilizokuwa na mikwaruzo, na zilizokosekana. Baada ya miezi michache daftari hilo litakuwa na habari za hewa ya mtaa wenu ambazo aliye mbali hawezi kuziandika, ila kwa kuazima sikio lenu.