Risasi Nzima Haijapiga Nyumba: Tuthibitishe Maelezo ya Picha

Agosti 2007, shirika la habari la AFP lilisambaza picha ya bibi mmoja wa Sadr City, Baghdad, ameshika risasi mbili. Maelezo yalisema kuwa, kwa kauli yake, ziliipiga nyumba yake baada ya uvamizi wa majeshi. Lakini risasi zote mbili zilikuwa bado zimo ndani ya maganda yake.

Bunduki inapofyatuliwa, baruti huwaka na kichwa cha risasi peke yake hutoka mtutuni. Ganda hubaki kwa mpigaji. Risasi nzima haijapigwa.

Hilo halithibitishi kuwa bibi alisema uongo, wala kuwa mtaa wake haukushambuliwa. Pengine aliziokota tu. Aliyepaswa kuangalia ni mhariri. Hata hivyo picha ilifanyiwa mzaha, na kosa kama hilo humpa mwenye kukanusha kisingizio cha kukadhibisha hata dhulma ya kweli.

Amri ya kuthibitisha habari, Surat al-Hujurat aya ya 6, haiondoki kwa sababu tunamhurumia aliyepigwa picha. Tukiliona ganda, tuandike: risasi ambazo hazijafyatuliwa. Zilikotoka, aulizwe bibi.