Maana ya Neno "Mikrobi," na Kijidudu Chetu

Neno mikrobi lina viungo viwili vya Kiyunani: mikros, maana yake -dogo, na bios, maana yake uhai. Walakini si neno la kale. Lilitungwa mwaka 1878 na Charles-Emmanuel Sédillot, tabibu wa upasuaji wa Ufaransa, liwe jina moja la viumbe hai wasioonekana kwa macho matupu. Alimwuliza kwanza Émile Littré, mtungaji wa kamusi kubwa ya Kifaransa. Littré alijua ya kuwa kwa Wayunani neno la namna hii lilimaanisha mwenye maisha mafupi. Hata hivyo alilikubali.

Sisi twasema kijidudu. Ni neno jema, lakini lina mitego miwili.

Mtego wa kwanza ni macho. Mdudu ana miguu, naye huonekana. Siku moja tulikuwa tukifundisha habari za maji ya kunywa. Mtoto mmoja akainua bilauri juani, akaitazama, akasema, "Mwalimu, humu hamna mdudu," akanywa. Hakukosa yeye, tulikosa sisi tuliotaja neno tusilifafanue. Kijidudu cha kipindupindu, alichokichunguza Robert Koch huko Misri na India mwaka 1883 na 1884, ni mdogo hata mia tatu wakipangwa mstari mmoja hawatimizi milimita moja. Maji huweza kung'aa kama kioo, na mauti yamo ndani.

Mtego wa pili ni ubaya. Katika usemi wetu mdudu hufuatana na madhara. Hata uvimbe wa usaha kidoleni huitwa mdudu. Basi asikiaye vijidudu hudhani wote ni adui. Kumbe hamira iumuayo mkate ni viumbe hao hao, nao wagandishao maziwa vilevile. Neno la Kiyunani lataja udogo na uhai tu, halitaji uovu.

Je, tuliache neno letu? La. Watu wamekwisha kulizoea, na mikrobi peke yake haimwelezi kitu mtoto wa kijijini. Bali kila tulitajapo yafaa tuongeze mambo matatu: kwamba ni viumbe hai, kwamba jicho haliwaoni, na kwamba si wote waletao maradhi. Ndipo mtoto atakapoelewa kwa nini twamwambia achemshe hata maji yaliyo maangavu.